Picha Moja kwa Arusi ya Reine

Zéphirin Kalenga alikuwa na kamera tatu, na kila moja aliipenda kwa namna yake.

Watu wa Nchelenge, mji wa Zambia kando ya ziwa, walimjua kwa ile ndogo ya dijitali, maana hiyo ndiyo iliyompa chakula. Asubuhi alitundika shuka jeupe ukutani, kwenye baraza ya duka la mzee Bwembya, akaweka kiti cha plastiki mbele ya shuka, na waliohitaji picha ya kitambulisho au ya fomu za shule wakakaa hapo mmoja baada ya mwingine. Aliwaambia wainue kidevu kidogo. Kamera ile haikuwa na sauti yake. Ukibonyeza, ilitoa mlio wa kuigiza kamera za zamani, na Zéphirin alipenda kusema kwamba inafanana na mtu anayecheka kwa sababu wenzake wamecheka.

Ya pili ilikuwa ya plastiki ya buluu, nene, ile inayotoa picha ya karatasi papo hapo. Jumamosi aliivaa shingoni akashuka nayo mahali boti za Kilwa ya Kongo zinapofikia. Wanawake wa Kongo wanaovuka ziwa na vitenge na mafuta ya kujipaka, wakarudi na sukari na unga, waliipenda kuliko simu zao. Karatasi ilitoka nyeupe tupu. Wakaizunguka, vichwa vikigusana, na polepole kikatokea kivuli cha nywele, kisha nguo, kisha macho. Zéphirin hakuwa akiangalia karatasi wakati huo. Aliangalia nyuso za wale waliokuwa wakiangalia, na hiyo ndiyo ilikuwa raha yake.

Ya tatu ilikuwa kamera ya filamu, Zenit, nzito kama jiwe la kusagia, aliyotoka nayo Pweto, kwao Kongo. Hiyo haikumpa kitu chochote. Filamu zilikuwa adimu. Alizipata moja moja kutoka Lubumbashi kwa mkono wa mfanyabiashara mmoja aliyeitwa Gaëlle, na nyingi zilikuwa zimepita tarehe yake. Akiwa na filamu ndani ya Zenit aliweza kutembea asubuhi nzima kando ya ziwa, kuanzia kwenye vichanja vya wanawake wanaoanika chisense, wale samaki wadogo wanaong'aa kama sindano, hadi kwenye matete, akarudi nyumbani ametosha foto moja tu, kama watu wa ng'ambo wanavyosema kwa kupiga picha. Au hakutosha hata moja. Mara nyingi alirudi na furaha kwa sababu ya ile aliyoiacha.

Dawa za kusafishia filamu hazikupatikana tena upande wowote wa ziwa. Alijifunza kutumia kahawa ya unga, vidonge vya vitamini C na soda ya mikate aliyoikaanga kwenye sufuria mpaka ikageuka kuwa kali. Kisha alilaza filamu ndani ya maji ya chumvi nyingi, gizani, mpaka kesho yake. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka, na siku za kazi hiyo kilinuka kahawa hadi barabarani. Mzee Bwembya, mwenye nyumba, zamani dereva, aliamini mpangaji wake hapati usingizi kwa sababu ya kunywa kahawa.

Filamu ikikauka, Zéphirin aliitundika kwenye kamba, akafumba jicho moja, akaitazama mbele ya dirisha. Kama kuna picha iliyokuja vizuri, alisema, "Eeh." Hakukuwa na mtu wa kumwuliza, "Nini?"

*

Alikuwa na mke na mtoto. Mke aliitwa Débora. Kule Pweto walikuwa na studio, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa ngazi na maua, na watu waliooana miaka ile walisimama mbele ya ngazi hizo kana kwamba wanataka kuzipanda. Vita vilipofika Pweto, watu wenye silaha walimpiga Zéphirin, wakachukua vyote vya studio isipokuwa Zenit, ambayo Débora alikuwa ameifunga ndani ya kanga pamoja na nguo. Wakavuka kuingia Zambia na umati wa watu. Reine alizaliwa kambini.

Miaka ilipita, na siku moja zikaletwa lori za kuwarudisha watu Kongo. Débora alitaka kurudi. Mama yake alikuwa bado hai, na kambi ilikuwa imemchosha kabisa. Zéphirin hakuweza. Kila alipofikiria Pweto, mbavu zilizovunjwa zilianza kuuma upya. Wakaafikiana kwamba Débora atangulie na mtoto, yeye atafuata mvua zikiisha. Mvua ziliisha. Akasema atafuata baada ya mvua nyingine. Kambi ikafungwa, akahamia Nchelenge, akakodi chumba kwa Bwembya, na siku moja mtu aliyetoka ng'ambo akamwambia, bila ubaya, kwamba Débora yuko Lubumbashi sasa na ameolewa na mwanamume anayeitwa Félix. Zéphirin akamshukuru kwa habari. Siku hiyo alipiga picha za watu kama kawaida.

Hakukuwa na ugomvi. Félix alikuwa mtu mwema. Reine alisoma kwa jasho la mtu huyo. Simu zilipoenea, mtoto alimtafuta baba yake akampata, na tangu hapo walikuwa wakiongea Jumapili moja moja, salamu na habari za afya, mpaka maneno yakaisha na kila mmoja akasikia redio ya nyumba ya mwenzake.

Jumapili moja, baridi ya mwezi wa sita ikiwa imeanza, Reine alipiga simu kabla ya misa.

"Papa, nitaolewa mwezi wa nane."

"Na nani?"

"Anaitwa Dan. Anatumika kazi ku garage. Ni mutu wa sala, papa."

"Ni muzuri, mama. Ni muzuri sana." Alimwita mama, kama watu wa kwao wanavyowaita binti zao. "Mama yako anajua?"

"Anajua. Ni yeye anapanga vyote." Reine akashusha sauti. "Papa, mu salle ya karamu kutakuwa viti viwili vya wazazi. Moya ya mama. Ile ingine..."

"Félix njo atakaa pale," Zéphirin akamsaidia. "Ni yeye alikusomesha. Akae."

"Ndiyo, papa. Lakini nilisema na mama. Nataka foto yako ikuwe pa meza, mbele yao. Sitaki kupita mbele ya watu sawa mutoto asiye na baba."

"Basi nitakutumia sasa hivi ku telefone."

"Hapana. Ya telefone mutu anaipitisha na kidole, inaisha. Nataka ya karatasi, na ni weye mwenyewe uitoshe. Mama anasema kila mutu mwenye aliolewa Pweto, ni weye ulitosha foto yake. Ya kwangu hautatosha, papa. Basi tuma yako."

Zéphirin alitaka kuuliza kama kuna mtu yeyote aliyefikiria kumwita. Alijua jibu lake kabla ya kuuliza, na alijua pia kwamba Reine angelia. Kwa hiyo akasema, "Nitatuma. Muzuri kabisa."

*

Jambo la kwanza aliloligundua ni kwamba hakuwa na picha yake hata moja. Iliyokuwapo ni ile ya kwenye kadi ya ukimbizi, na mle alikuwa na uso wa mtu aliyekamatwa na mali ya wenyewe.

Alianza na kamera ya dijitali. Aliikalisha juu ya makopo, akaiambia ihesabu, akakimbilia kiti. Akarudia. Akarudia tena, siku hiyo na siku iliyofuata, mchana duka likiwa halina watu. Katika kila picha alionekana kama mtu aliyefika sasa hivi na anayetaka kuondoka sasa hivi. Shati lilikuwa limepanda upande mmoja. Akafuta zote.

Akajaribu ile ya buluu, mkono ameunyoosha, lenzi imemgeukia. Ikatoka pua, na nyuma ya pua mtu. Aliirudia, na karatasi zile hazikuwa nyingi, kwa sababu zilitoka Lusaka kwa basi na mara nyingine hazikufika. Akaacha kabla hazijaisha.

Ndipo akatoa Zenit. Alikuwa na filamu moja aliyoiweka ndani ya kopo la maziwa akiisubirisha kitu kinachostahili, na sasa akaona hiki ndicho. Lakini Zenit ilihitaji mtu wa nyuma. Katika mji mzima wa Nchelenge, ambao nusu ya watu wake walikuwa wamewahi kukaa mbele ya kamera yake, alifikiria ni nani anayeweza kumwomba amtazame kwa muda, na akamkosa. Mwishowe akamgongea mzee Bwembya.

Bwembya alikuja na koti lake la Jumapili, akalitoa, akamvalisha Zéphirin bila kuulizwa. Waliongea Kibemba, maana Kiswahili cha Bwembya kilikuwa cha kununulia samaki tu.

"Nibonyeze hapa?" akauliza mzee.

"Hapo. Lakini kwanza unione mimi ndani ya kidirisha."

"Nakuona. Uko mdogo."

"Hiyo si kitu. Bonyeza taratibu."

Bwembya alizuia pumzi kila mara mpaka macho yakamtoka, kama mtu anayeinua gunia. Walimaliza filamu yote. Zéphirin alikaa, akasimama, akageuza bega, akaweka mkono mfukoni, mambo yote aliyowafundisha watu maisha yake yote. Mwishoni mzee akasema, "Bwana, kukutazama ni kazi ngumu," akachukua koti lake.

Kahawa ilifanya kazi vizuri safari hiyo. Filamu ilipokauka, kila kifungo cha koti kilionekana, na nyuma ya bega mistari ya mbao za mlango. Zéphirin aliifuata picha moja baada ya nyingine kwa jicho moja. Hakusema, "Eeh." Ilikuwa kazi nzuri, na mle ndani alikaa mtu anayesubiri namba yake iitwe.

Alichagua moja hata hivyo. Kwa kuwa mashine ya kuchapia picha za filamu iliporwa Pweto, aliipiga picha ile filamu kwa kamera ya dijitali mbele ya dirisha, akaipeleka kwa kijana mwenye kompyuta karibu na soko, kijana akaigeuza nyeusi kuwa nyeupe na nyeupe kuwa nyeusi, wakaichapa. Wino ulikuwa unaishia. Uso ukatoka wa kijani, na mistari ikampita kuanzia paji la uso hadi shingoni. Kijana akaomba radhi. Akasema wino utafika wiki ijayo kutoka Mansa.

Lakini Gaëlle alikuwa anavuka kesho yake asubuhi, na safari hiyo alikuwa anaendelea moja kwa moja hadi Lubumbashi. Hakukuwa na mwingine ambaye Zéphirin angemwamini na kitu hicho.

*

Kulipopambazuka ziwa lilikuwa limetulia, na upande wa Kongo haukuonekana kwa ukungu. Boti ilikuwa inapakiwa magunia ya unga na maboksi ya sabuni. Pitchou, mwenye injini, alisimama ndani ya maji hadi magotini, akiwaita abiria kwa majina.

Gaëlle alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mwenye sauti ya kupanga watu. Alikuwa akivuka ziwa lile tangu msichana, na alimjua Zéphirin kwa miaka mingi kama mteja wa filamu na kama mtu wa kumtania. Akapokea bahasha. Akaifungua palepale.

"Huyu ni nani?"

"Ni miye."

"Huyu mutu iko na ugonjwa wa ini." Aliinua karatasi kwenye mwanga, akaishusha. "Papa Zéphirin, mutoto ataweka hii mbele ya wageni?"

"Haina ingine."

"Na iyo kamera mu shingo yako ni ya kazi gani?"

Zéphirin aliishika ile ya buluu kama mtu aliyesahau kwamba ameivaa. Akasema amekwisha kuijaribu, haikubali. Akasema karatasi iliyobaki ndani ni moja tu. Gaëlle alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Nifundishe."

Akamfundisha. Shika hivi, tazama hapa, bonyeza hapa. Ikitoka, ikinge jua, iweke mahali pa joto. Kisha akarudi nyuma, maji yakiwa mgongoni mwake, akaweka mikono kando, akainua kidevu kidogo.

Gaëlle alitazama kwenye kidirisha, akaishusha kamera.

"Unakufa? Sema kitu."

"Niseme nini?"

"Niambie juu ya huyo mutoto. Nitamutambua namna gani mu Lubumbashi?"

Zéphirin alicheka kidogo. "Weye utamuona mutu muzima. Miye namujua mudogo. Mara ya mwisho alikuwa hivi." Akashusha mkono wa kulia mpaka usawa wa kiuno, kiganja kikitazama chini. "Alikuwa amejifunga foulard ya mama yake mu kichwa, inamufunika mpaka macho. Bamemupandisha mu lori ya kurudisha watu, ile ya kupitia Chienge, akashuka. Bamemupandisha tena, akashuka. Akanikuja karibu, akaniuliza kama lori ikifika kule, itageuka ije kunibeba na miye. Nikamwambia..."

Kamera ikalia. Karatasi nyeupe ikatoka.

"Njo hii," Gaëlle akasema.

"Ngoja nione."

Lakini Pitchou alikuwa ameita jina la Gaëlle kwa mara ya mwisho na boti ilikuwa inasukumwa. Gaëlle alimrudishia kamera, akaitia karatasi ndani ya kitenge, kifuani, penye joto na giza kama alivyofundishwa, akapandishwa na mikono ya watu. Zéphirin aliingia majini na viatu vyake.

"Inakuja?" akauliza.

"Ingali nyeupe," Gaëlle akajibu kutoka juu ya magunia. "Nitaiona miye."

Injini ikawaka. Alibaki amesimama ndani ya maji mpaka boti ikawa ndogo, na hata baada ya hapo. Picha ya namna ile haina filamu nyuma yake. Haiachi nakala kwa yeyote. Ilikuwa inaenda zake, inajitengeneza gizani katikati ya ziwa, na yeye aliyetosha foto za maelfu ya watu hakujua ni uso gani aliokuwa nao ilipolia.

*

Jumamosi ya arusi ya Reine alikuwa na kazi. Familia moja ya mji jirani wa Kashikishi ilikuwa imemkodi tangu zamani kwa arusi yao, na hakuona sababu ya kukataa. Aliamka mapema, akanyoa ndevu kwa uangalifu, akavaa shati alilolipiga pasi usiku uliotangulia.

Ilikuwa arusi nzuri. Kwaya iliimba, vumbi likapanda. Baba wa bibi arusi alikuwa mvuvi mrefu mwenye suti iliyokuwa fupi mikononi, na alimwingiza binti yake kanisani akitembea polepole kuliko mdundo wa ngoma, kama mtu anayebeba maji yaliyojaa mpaka ukingoni. Zéphirin aliwatangulia akirudi kinyumenyume, akibonyeza. Alimpiga picha mzee huyo akiwa mlangoni. Alimpiga akiwa katikati ya viti. Alipomkabidhi binti na mikono yake ikabaki haina kitu cha kushika, akaitafuta mifuko ya suti, Zéphirin alikuwa karibu kabisa, na akabonyeza hapo pia. Baadaye familia ililalamika kwamba picha za mzee ni nyingi mno na za keki ni mbili tu.

Jua lilikuwa bado liko juu kidogo aliporudi nyumbani. Akakaa kwenye kiti cha plastiki barazani, simu mkononi. Picha za Lubumbashi zilianza kuingia moja moja, kwa kuwa mtandao ulikuwa dhaifu. Reine amevaa nyeupe. Dan, kijana mwembamba mwenye masikio makubwa, anacheka. Débora amenenepa, kilemba cha dhahabu, na mara ya kwanza Zéphirin alimpita bila kumtambua. Félix amekaa wima. Mbele yao meza, kitambaa, maua ya plastiki, chupa mbili za Fanta, na katikati ya chupa fremu ndogo.

Akaikuza kwa vidole viwili. Ndani ya fremu kulikuwa na mraba mweupe, na ndani ya mraba kitu cheusi na kitu cha buluu. Akaikuza zaidi. Vikawa vijisanduku vya rangi. Akairudisha, akaikuza tena, kana kwamba safari hii simu itamwonea huruma.

Mzee Bwembya alitoka dukani akasimama nyuma ya kiti.

"Ni binti yako huyo?"

"Ni yeye."

"Amefanana na wewe?"

"Sijui," Zéphirin akasema, na ilikuwa kweli.

Bwembya alimletea chupa ya soda, akaiweka sakafuni karibu naye, akarudi ndani.

Reine alipiga simu katikati ya wiki. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala vizuri. Alisimulia chakula, alisimulia mvua ya ghafla isiyo ya msimu wake iliyowapata mlangoni mwa kanisa, alisimulia shangazi wa Dan aliyecheza mpaka kisigino cha kiatu kikakatika. Zéphirin alimwacha aseme mpaka mwisho. Kisha akauliza.

"Foto ilikuwa muzuri?"

"Papa, muzuri sana. Kila mutu alikuwa anapita anaiangalia."

"Niambie vile iko."

"Namna gani, vile iko?"

"Sikuiona, mama. Boti iliondoka foto ingali nyeupe."

Zikasikika nyayo za Reine na mlango. Alikwenda kuichukua.

"Uko unasema na mutu," akasema. "Kinywa wazi. Uko karibu kucheka, ao uko karibu kulia, sijui. Nyuma ni maji. Mukono moya iko chini hivi, pa kiuno, sawa vile unagusa kichwa ya mutoto. Na pa kona kuna kitu kyeusi."

"Ni kidole ya Gaëlle."

Reine akacheka sana. Zéphirin akasikia kwamba anacheka kwa kuvuta pumzi ndani, na hilo hakuwa analijua. Katika Jumapili zote zile hakuwahi kumchekesha.

"Basi siyo weye uliitosha."

"Siyo miye. Zangu zilikataa."

"Na ulikuwa unasema nini?"

"Nilikuwa namusimulia vile ulishuka mu lori."

"Lori gani, papa?"

Zéphirin alibadilisha simu kutoka sikio hili hadi lile. "Ile ya kurudisha watu. Ya Chienge. Ulishuka mara mbili."

"Nilikuwa mudogo," Reine akasema kwa upole. "Sikumbuke hata kidogo. Nakumbuka tu kufika kwa koko, kwa mama ya mama."

"Ni kitu kya zamani."

"Utanisimulia siku ingine?"

"Nitakusimulia. Usiiweke pa jua, ile foto. Za namna ile zinakimbia."

Akaahidi. Alisema yeye na Dan watakuja kumwona kiangazi kitakachofuata, wavukie Kilwa. Kiangazi kilipofika alikuwa mjamzito, barabara ilikuwa mbaya, na daktari akamkataza. Ikabaki kwamba watakuja mtoto akiweza kukaa.

Lakini Gaëlle alimletea kitu kutoka kwao. Ilikuwa picha kubwa ya arusi ndani ya fremu ya kioo, imefungwa kwa mablanketi ili isivunjike botini. Familia yote imesimama kwenye ngazi za kanisa. Zéphirin aliitundika chumbani kwake, mahali ambapo mwanga wa dirisha hauipigi moja kwa moja, akavuta kiti akakaa mbele yake.

Kwa kitambo aliitazama kama baba. Halafu, bila kukusudia, akaanza kuitazama kama mtu wa kazi. Mpiga picha alikuwa amesimama mbali mno. Jua lilikuwa limewapiga usoni na wote wamekunja macho. Dan ameangalia pembeni, kwa mtu aliyemwita. Ilitosha kungoja kidogo tu. Débora angesogea ngazi moja chini, kilemba kisimfunike aliye nyuma. Na yule Félix, amesimama mwisho kabisa wa mstari, mikono nyuma, nusu ya bega imekatwa na ukingo wa picha.

Zéphirin alisimama, akasogeza kidole karibu na kioo bila kukigusa. Angemwita kwa jina. Angemwambia, papa Félix, sogea, sogea tena, kuya karibu na mutoto, usikae pale pembeni sawa mugeni. Na angengoja mpaka asogee ndipo abonyeze.